Suruali ya kupandia mlima: achana na nene, tafuta inayokauka

Wadau, swali linalonifikia sana watu wakianza kupanga safari za mlimani ni la suruali, hasa wale wanaotoka Dar au Dodoma wanakuja Moshi kupanda Kilimanjaro, au wanapita Arusha kwenda Meru, au wanataka tu kubeba begi wakatembee siku mbili tatu huko Usambara ama Upareni. Na wengi wakiuliza washajijibu, wanataka tu uwaambie sawa. Washanunua suruali moja nzito, ndani ina manyoya, wanakwambia si mlimani kuna baridi bana. Ndio, baridi ipo. Ila mguu unaotembea unajipasha wenyewe, ile misuli ya mapaja na makalio ni mikubwa na ikifanya kazi inatoa joto la kutosha, kinachoumaliza mguu ni maji: mvua, umande wa kwenye majani, na jasho lako mwenyewe. Kwaiyo suruali ipime kwanza inakauka kwa muda gani, habari za unene zije baadaye.

Cheki hali yenyewe ilivyo. Geti la Machame liko kama mita 1,800 na Uhuru Peak ni mita 5,895, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, kwaiyo unatoka Moshi mjini jua linachoma, unaingia msituni unakuta manyunyu na ukungu, kesho yake uko Shira jua kali halina hata mti wa kujificha, keshokutwa mchana unapita Lava Tower upepo na mvua ya barafu vinakuja pamoja, jioni umeshuka Barranco unatetemeka. Hayo yote suruali ni ileile. Meru ndo fupi zaidi, unaanzia geti la Momella kwenye mita 1,500 unamaliza mita 4,562, yaani mabadiliko yaleyale yamebanwa kwenye siku chache. Usinitajie kalenda sana pia. Masika ni Machi mpaka Mei na vuli ni Novemba na Desemba, hiyo inajulikana (na wale wa kupanda Desemba 9 kusherehekea Uhuru mnaenda mkiwa ndani ya vuli, mjue), ila upande wa kusini wa Kilimanjaro, ule msitu wa kwenye mita 2,000 na kidogo, unaweza kukulowesha mwezi wowote. Njia ya Rongai kule kaskazini ndo kukavu kidogo.

Jinzi hapana. Najua kuna mtu atasema mbona wagumu, yaani wapagazi, wanapanda na jinzi, ndio wanapanda, kwa sababu ndo walizonazo, muulize mmoja wao kama akipewa nyingine ataendelea kuivaa. Pamba inakunywa maji ikayashika, jinzi kavu tu ina nusu kilo na zaidi, ikilowa inaongezeka uzito, inabana magoti, inachubua mapaja na kwenye ukungu wa Mandara au kempu ya Machame haikauki hata uiombee. Kadeti hivyohivyo. Na ile trakisuti ya kijivu ya pamba yenye manyoya ndani ni mbaya kuliko watu wanavyodhani maana inaonekana ya joto, ikilowa inakaa mwilini na ubaridi wake mpaka usiku.

Badala ya suruali moja nene unachukua vitu vitatu vyepesi, unavivaa kimoja kimoja au vyote pamoja kutegemea hali: suruali nyepesi ya kutembelea, taiti ya kuvaa ndani, na suruali ya mvua. Ukipenda ongeza geita za kuziba kati ya buti na suruali, ntazigusia. Kwa uzito, suruali ya kutembelea nzuri iko kama gramu 300, taiti 200, ya mvua 250 mpaka 300, geita 150 mpaka 200. Jumla unazungukia kilo moja, na sehemu kubwa ya hiyo kilo umeivaa, haiko begini. Kama huamini uzito unaoambiwa na muuzaji, mangi wa duka la jirani ana mizani ya kupimia sukari, mwombe sekunde moja. Na kama unapanda na wagumu usiseme ah si atabeba mwingine, mgumu ana kikomo cha kilo 20, kila takataka unayoongeza inaingia humo kwenye mgongo na kichwa cha mtu.

Sasa suruali ya kutembelea, hii ndo ya kuhangaika nayo maana utaivaa karibu safari nzima. Unataka nailoni, au nailoni iliyochanganywa na kitu cha kuvutika kidogo. Poliesta nayo iko poa, inashika maji kidogo kuliko hata nailoni na inakauka faster, ila nailoni inavumilia zaidi kusugua kwenye mawe na kukaa kwenye magogo. Nyembamba kiasi kwamba ukiikunja inaingia mfukoni mwa koti. Usiogope wembamba.

Mi sehemu ninayowatuma watu ni mitumba, kwa hapa Moshi Memorial, kwa Arusha zungukia Kilombero na Samunge, fika asubuhi siku wanayofungua belo. Suruali za hiking za Ulaya na Marekani zinakuja humo nyingi tu na wauzaji wengine wanazichanganya na suruali za kazi, we tulia uchambue. Geuza suruali ndani utafute lebo ndogo ya mshononi. Ukiona "polyamide" hiyo ndo nailoni, usiiruke. "Elastane" ndo ile ya kuvutika, asilimia 4 mpaka 10 inatosha kabisa. Ukiona "cotton" asilimia 60, rudisha, hata kama ina mifuko nane na inaonekana ya kijeshi. Lebo nyingine zimekatwa au zimefutika, hapo tumia maji. Kuwa na chupa, dondoshea matone mawili matatu sehemu ya ndani ya pindo (muombe muuzaji kwanza, wengine wana hasira), sugua kwa kidole. Pamba inafyonza hapohapo na kuwa nyeusi na inabaki hivyo, nailoni na poliesta maji yanatambaa juu au yanasambaa, ukiikung'uta na kuipungia upepo dakika chache unaona inaanza kukauka. Halafu weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita kama vile hakuna kitu, upepo wa mlimani nao utapita, ikigoma kabisa jasho litakwama humo ndani, unatafuta ya katikati, inayopita kwa shida kidogo.

Kisha ivae. Wengi wanapima kwa kusimama mbele ya kioo wanaona imekaa fresh wanalipa, asee mlima haupandwi umesimama. Chuchumaa mpaka chini. Nyanyua goti mpaka usawa wa kiuno, maana ukifika ukuta wa Barranco kuna hatua za kunyanyua mguu hivyohivyo na mikono imeshika mwamba. Kama inavuta msambani, au kiuno kinashuka nyuma, hiyo haifai, isipokuwa kama ina kiraka cha pembe nne pale katikati ya miguu na wewe umechukua tu saizi ndogo. Fundi anaweza kukuwekea hicho kiraka, mwambie atumie kitambaa cha nailoni pia, asikuwekee kipande cha kaki. Angalia na kiuno: mkanda wa begi unakaa juu ya suruali, kwaiyo ukiwa na bizimu kubwa ya chuma au vifungo viwili vitatu vimepangana mbele vitakukandamiza siku nzima. Lastiki na kamba ya kufunga ndo tamu, na ni muhimu kuliko unavyofikiri kwa sababu watu wengi hamu ya kula inapotea kule juu na kiuno kinapungua, suruali iliyokubana Moshi inaanza kuning'inia. Mifuko ya mapajani yenye zipu ni bora kuliko ya kiunoni ambayo mkanda wa begi unaifunika.

Zile zinazokatika gotini kwa zipu zikawa pensi, watu wanazipenda. Mimi sizikatai ila sina mahaba nazo. Zipu inazunguka goti zima na inakaa palepale unapokunja, ukivaa taiti ndani na suruali ya mvua juu unaisikia. Kwa Usambara au kwa mtu anayetembea vijijini chini huku joto linapanda mchana, chukua. Kwa Kilimanjaro, suruali ya kawaida unayoweza kuikunja mpaka chini ya goti inatosha.

Na pensi yenyewe? Kwenye mvua ya joto ya msituni, pensi ni akili kubwa kwa sababu ngozi inakauka kuliko kitambaa chochote duniani. Lakini msitu huohuo una siafu na una majani yanayowasha. Siafu wakikatiza njia na wewe umesimama kupiga picha utacheza ngoma usiyoijua. Ndo maana utaona mwongozaji anachomeka suruali ndani ya soksi bila hata kukwambia kwa nini, mwige tu. Huko juu nako ukivaa pensi jua linakuunguza mashavu ya miguu hata kama unasikia baridi. Wengine wanavaa pensi juu ya taiti, hii naikubali, inakaa vizuri na inakauka haraka.

Taiti ya ndani: poliesta au sufu ya merino, sio ile ya pamba ya kuvalia gauni. Merino ni nzuri, inashika unyevu mwingi kabla hujasikia umelowa na hainuki upesi, ila bei imechangamka na ukiipata mtumba kagua matundu ya nondo ukiinyanyua kwenye mwanga. Poliesta za mazoezi, zile za kukimbilia, zinafanya kazi vizuri kabisa na zimejaa kila kona. Iwe imekushika lakini isikubane, ukiivua ukaona alama nyekundu nzito kwenye paja imebana sana, na kubana huko usiku wa kilele kunapunguza damu kushuka mguuni, vidole vinakufa ganzi. Sheria moja ya taiti naisisitiza: moja inakaa kavu muda wote, kwenye mfuko wa nailoni, ya kulalia, na ndo hiyohiyo unaamka nayo usiku wa kupanda kilele. Usije ukaitembelea mchana eti kabaridi kamezidi. Ikilowa hiyo huna tena mahali pa kukimbilia.

Tukija kwenye suruali ya mvua, hapa ndo watu wanapigwa hela. Kuna za aina mbili kwa kifupi, ile ya plastiki tupu kama za bodaboda, na ile inayozuia maji ila inaruhusu mvuke wa jasho kutoka, Gore-Tex na ndugu zake. Ya bodaboda sio mbaya kwa kukaa, ila ukipanda nayo saa moja ndani unalowa kwa jasho kama vile ungelowa kwa mvua, na inachanika magotini. Hata hizo za gharama hazifanyi miujiza ukiwa unapanda kwa nguvu kwenye joto. Kwaiyo swali la maana ni lini uivae. Manyunyu ya msituni, joto lipo, unatembea: usiivae, acha suruali nyembamba ilowe, mvua ikikata itakaukia mwilini ukiwa unatembea. Ukishapita miti, au upepo ukianza, au unakaribia kusimama muda mrefu, ivae mapema kabla hujalowa, usisubiri mpaka mvua ya barafu ikupige ndo uanze kuitafuta chini ya begi. Iweke juu kabisa begini. Na hakikisha ina zipu ndefu pembeni chini, angalau mpaka kwenye shavu la mguu, ili ipite na buti mguuni, kufungua buti kwenye tope na vidole vimeganda ni adhabu.

Ukinunua mtumba au ukikodisha (maduka ya kukodisha vifaa yako Moshi na Arusha yote mawili) geuza ndani uangalie zile tepu zilizobandikwa juu ya mishono. Zikiwa zinabanduka, maji yataingia hapo. Ukigusa kitambaa kwa ndani kikanata, au kinapukutika unga mweupe, utando wa ndani umekwisha, usidanganywe na jina lililoandikwa pajani. Sehemu ya makalio na magoti ndo zinakufa kwanza, kaza macho hapo. Mi ningechukua isiyo na jina yenye tepu nzima kuliko ya jina kubwa inayonata.

Usiku wa kilele unavaa vyote: taiti kavu, suruali ya kutembelea, suruali ya mvua juu kwa ajili ya upepo hata kama anga ni jeupe. Kutoka kempu ya Barafu au ya Kibo watu wanaondoka kwenye usiku wa manane na baridi huko juu inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 hasi, tena mwendo ni wa pole pole mno kiasi kwamba mguu hautoi lile joto la mchana. Kama unajijua una baridi sana ongeza suruali nyembamba ya flisi katikati, basi, hiyo ndo ya manyoya pekee ninayoiruhusu. Vaa zote nyumbani kwanza ujaribu kupanda ngazi, suruali ya mvua inatakiwa iwe pana kiasi cha kumeza nyingine ndani bila kukaza goti.

Geita, sio mkoa, zile za kufunga juu ya buti, mimi naziona za lazima kwenye tope la kushukia Mweka na kwenye vumbi na kokoto za kushuka kutoka Stella Point. Namna ya kuzivaa inabadilika, na wengi hawaambiwi. Kwenye vumbi na kokoto, geita inakuwa juu ya suruali. Kwenye mvua, suruali ya mvua inashuka juu ya geita, la sivyo maji yanateremka na suruali yanaingia moja kwa moja ndani ya geita na kwenye buti lako.

Dada zangu, suruali yenye lastiki kiunoni inawarahisishia sana kujisaidia porini, na kanga moja iwemo begini, kujisitiri, kujifutia, kubadilishia nguo, kazi zake haziishi. Kama mnapita vijijini kabla ya geti na taiti peke yake hamjisikii huru, pensi pana juu yake inamaliza maneno. Na kwa wote, wake kwa waume, mapaja yakianza kuwaka pakeni mafuta ya mgando mapema, msingoje ngozi itoke.

Kufua ni rahisi, sabuni kidogo, suuza sana, usitie ile dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba vinyweleo vya kitambaa na kuua uwezo wa kurusha maji. Suruali ya mvua ikianza kunyonya maji kwa nje badala ya kuyatelezesha, ifue vizuri, ikaushe kivulini, halafu kama lebo inaruhusu pasi, pitisha pasi ya moto mdogo kabisa juu ya kitambaa kingine chembamba, mara nyingi matone yanaanza kuteleza tena. Na kaa mbali na jiko la mkaa na moto wa kuni, cheche moja tu kwenye nailoni ni tundu.

Kabla ya safari yenyewe itoe suruali mtihani. Walioko Moshi nendeni maporomoko ya Materuni, wa Arusha nendeni Napuru, ingia majini mpaka mapajani, toka, ikamue kidogo ikiwa mwilini, tembea urudi ulikotoka. Ukifika bado unachuruzika, ya mlimani bado hujaipata, na Memorial wanafungua kesho.